Nani atakalia viti vya Jumamosi ya kawaida?

Jirani yangu alikuwa ameketi gereji, mlango umeinuliwa juu, feni inazunguka, miguu ameipandisha juu ya kikasha cha barafu. Ukutani, kati ya misumeno na kofia kuukuu, runinga kubwa ilikuwa ikionyesha magari yakiingia kona ya kwanza ya Knoxville Raceway, uwanja wa udongo wa mbio za magari hapa Iowa, Marekani. Matangazo ya moja kwa moja. Uwanja wenyewe uko kilomita 65 hivi kutoka gereji hiyo, barabara nzuri, mwendo usiofika saa moja.

"Mzee, leo hukwenda?"

"Niende kufanya nini? Hapa kiti laini, bia yangu mwenyewe, na chooni hakuna foleni."

Nilicheka, maana ilichekesha. Lakini huyu si shabiki wa juzi. Ndiye aliyenifundisha mbio hizi. Anakumbuka nani alishinda mwaka gani kama wazee wa kwetu wanavyokumbuka miaka ya njaa.

Kisha kamera ikapita juu ya jukwaa. Mabenchi yalikuwa yakimeta chini ya taa.

Benchi lenye mtu halimeti.

Nikavuta kiti, nikatazama naye hadi fainali. Tangu siku hiyo swali moja limenikalia kooni: je, matangazo haya ndiyo yanayowatoa watu jukwaani? Kila nikidhani nimepata jibu, linanigeukia. Ndiyo maana naliandika.

## Gari lisilo na stata

Wengi mnanisoma mkiwa Nairobi, Dar au Goma, na wachache mko papa hapa Des Moines, ambako Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura na cha Nakuru hukutana kwenye foleni moja ya dukani. Basi maneno machache tu kuhusu mchezo wenyewe.

Gari la sprinti halina stata wala klachi, na dereva hana gia za kubadilisha njiani. Pikapu hulisukuma kwa nyuma mpaka injini ishike. Linakunywa methanoli, lina nguvu za farasi zipatazo 900, na uzito wake pamoja na dereva haufiki kilo 700. Juu ya kichwa cha dereva kuna bawa kubwa la kuligandamiza chini lisipae. Knoxville ni kiwanja cha nusu maili, udongo mweusi wa Iowa, mzunguko mmoja kama sekunde 15. Mji una watu wapatao 7,500, na uwanja uko mikononi mwa chama cha maonyesho ya kilimo cha kaunti ya Marion. Tajiri mmoja mwenye mali hayupo.

Kila Agosti, tangu 1961, hapo hufanyika Knoxville Nationals. Wiki hiyo mji huwa kama umehamiwa: mahema, nyumba za magurudumu, watu wametoka hadi Australia. Steve Kinser alishinda mara 12, Donny Schatz mara 11, na bado kuna wanaobishana nani zaidi.

Agosti hainisumbui. Agosti watu watakuja hata ukiwawekea runinga kila chumba. Ninazosema mimi ni zile Jumamosi nyingine, kuanzia majira ya kuchipua hadi mwisho wa kiangazi, ambapo madereva wale wale wa kila wiki wanakimbilia zawadi za kawaida, na hakuna anayesafiri kutoka bara jingine kuwaona.

## Uwanja uliogeuka studio

Nilianza kwa kusoma, kama kawaida yangu ninapokosa usingizi mchana.

Mwaka 1934 Los Angeles ilipata Gilmore Stadium. Ndani yake palikuwa na kiwanja cha udongo cha robo maili, na magari madogo yaitwayo midget yalikimbia hapo chini ya taa. Baada ya vita vya pili vya dunia mbio hizo zilikuwa homa. Watu walikuwa na pesa kidogo, petroli haikuwa ya mgao tena, na vijana waliotoka jeshini walijua kufungua injini wakiwa wamefumba macho. Halafu, mwisho wa miaka ya 1940, homa ikashuka. Kisha uwanja ukabomolewa. Mahali pake, mwaka 1952, CBS ikafungua jumba lake la studio, Television City.

Ungeitunga hadithi hiyo, mhariri angekwambia umetia chumvi.

Nilitamani kusimama hapo. Runinga ilikula uwanja wa udongo, tena ikajenga nyumba juu ya kaburi lake, makala imekwisha. Shida ni kwamba promota wa enzi ile walikuwa wamepanga mbio karibu kila usiku wa wiki katika viwanja vya eneo hilo. Watu walishiba. Runinga ilipofika iliwakuta wanapiga mbweu.

Woga, hata hivyo, ulikuwa wa kweli na ulienea kila mchezo. Indianapolis 500, mbio za magari za maili 500, ilionyeshwa moja kwa moja na kituo cha mjini hapo mwaka 1949 na 1950, kisha wenye uwanja wakaifunga milango ya matangazo hayo. Ligi ndogo za besiboli ziliuza tiketi karibu milioni 40 mwaka 1949, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 hazikufika nusu ya hapo. Wakubwa wa michezo ya vyuo waliona hivyo wakaweka mipaka mwaka 1951: mechi chache tu za futiboli ya Marekani runingani. Mipaka hiyo ilidumu mpaka Mahakama ya Juu ya nchi ilipoivunja mwaka 1984.

Na hapo ndipo ninapokwama. Mipaka ilipovunjwa, viwanja vya vyuo vikubwa havikugeuka magofu. Viliongezewa ghorofa.

## Redio ya baba

Mimi ni mtoto wa Bonde la Ufa. Kwetu Pasaka ilikuwa na vitu viwili, kanisa na Safari Rally, na baba alijitahidi sana ya kwanza isigongane na ya pili. Redio ilitangaza nani ameondoka wapi, nani amevunja ekseli, nani anatarajiwa wapi saa ngapi. Tukishasikia, tunakimbia barabarani. Tulisimama na matawi mkononi, tukaliona vumbi kabla ya gari, na mtu mmoja akapiga kelele "Njiru! Njiru!", jina la dereva wetu Mkenya, hata kama aliyekuwa anakuja ni Mjapani.

Kwa hiyo mimi nimekulia kwenye matangazo yanayowatoa watu nyumbani. Redio ilikuwa ndiyo kengele.

Safari ilipotolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ilibaki hai lakini sauti ilipungua. Iliporudi 2021, makao yake Naivasha, picha zikaenda dunia nzima. Kila mwaka sasa nawaona ndugu zangu kwenye simu wamejipanga Kedong na Hell's Gate, vumbi hadi kwenye kope. Runinga haikuwafungia ndani hata kidogo. Mwenye gari la kwenda Vasha alikwenda, asiyekuwa nalo aliomba lifti.

Nilimwambia jirani hayo nikidhani nimemshinda. Akaniuliza swali moja.

"Mlilipa ngapi kuingia?"

Barabara ya kijijini haina lango. Safari ya utoto wangu haikumtegemea baba anunue tiketi. Iliwategemea wadhamini na serikali, nasi tulikuwa mapambo yake, mapambo mazuri sana. Ukinionyesha mbio hizo runingani hujamnyang'anya mtu shilingi. Knoxville, Jumamosi ya kawaida, mtu aliyebaki gerejini ni tiketi iliyopotea, ni soda iliyopotea, ni sandwichi ya nyama iliyopotea.

## Zamu ya usiku

Sasa nije kwangu, maana hapa ndipo nilipochanganyikiwa zaidi.

Nilipokuja Iowa nilifanya zamu ya usiku ghalani. Jumamosi jioni, watu wakielekea uwanjani, mimi navaa buti za chuma. Mbio nilizijulia kwenye simu, wakati wa mapumziko, nimeegemea mashine ya soda na sandwichi mkononi. DirtVision, huduma ya mtandaoni ya haohao wanaoendesha mfululizo mkubwa wa mbio za sprinti, World of Outlaws, ilionyesha hata zile Jumamosi za kawaida za Knoxville. Nilijisajili. Nilijua majina ya madereva, rangi za magari yao na nani ana ugomvi na nani, kabla sijakanyaga uwanja.

Siku nilipopata zamu ya mchana, kitu cha kwanza kilikuwa kununua tiketi.

Kwa hiyo mimi ni mtu aliyeletwa jukwaani na skrini. Na karibu nami kwenye benchi siku hiyo hapakuwa na yule jirani yangu mzee, aliyekuwa amenifundisha kila kitu. Alikuwa nyumbani anatazama. Skrini moja, wikendi moja, imemwingiza mmoja na kumtoa mmoja.

Tatizo ni kwamba mimi naingia mara chache, yeye alikuwa anaingia kila wiki.

Rafiki yangu wa Bukavu, tunayefanya naye kazi, hata hatua hiyo ya kwanza haoni sababu yake. Yeye hutazama vipande vya ajali YouTube, bure, dakika tatu, amemaliza. "Kaka, ule udongo unaruka mpaka kwenye soda yako, na bado unawalipa?" Nilijaribu kumweleza. Niliona ninavyoshindwa.

## Mei 2020

Kama kuna usiku ambao mchezo huu uligeuka, kwangu mimi ni tarehe 8 Mei 2020. Korona imefunga kila kitu. World of Outlaws wakarudi kukimbia, siku kadhaa kabla hata ya NASCAR, ligi kubwa ya mbio za magari Marekani, na mahali walipochagua ni Knoxville. Bila shabiki hata mmoja. Magari, mafundi, kamera.

Nilitazama nikiwa na furaha ya mtu mwenye kiu aliyepata maji. Wiki zile hapakuwa na mchezo wowote wa maana popote. Magari yalipojipanga manne manne kwa ule mzunguko wa kusalimia jukwaa, yalisalimia mabenchi, na mimi machozi yakanilengalenga, nikasema ahsante Mungu kuna intaneti.

Mwezi uliofuata Eldora, kule Ohio, uwanja wa dereva maarufu Tony Stewart, nao waliandaa mbio za Late Model, aina nyingine ya magari ya udongo, bila mashabiki, mshindi dola 50,000, na mbio zenyewe zikapewa jina la matangazo ya mtandaoni: Stream. Nationals ya Agosti mwaka huo ilifutwa.

Sasa hivi nikiitazama miezi ile naiona kwa jicho jingine. Kila uwanja uligundua kwamba unaweza kuwa studio. Na kila mtu wa gerejini aligundua kwamba anaweza kukosa Jumamosi na asife.

## Lango la mbele na lango la nyuma

Uwanja wa udongo una milango miwili ya pesa. Lango la mbele ni la mashabiki. Lango la nyuma ni la timu: dereva, fundi, shemeji wa fundi, kila anayeingia upande wa magari hulipia pasi yake. Kwenye viwanja vidogo vya kila wiki lango la nyuma linaweza kuleta pesa za kushindana kabisa na lango la mbele, jambo ambalo likikutafakarisha linatisha kidogo: wachezaji wanajilipia wenyewe ili wachezee jukwaa tupu. Halafu kuna vyakula na bia. Halafu wadhamini. Sasa limekuja lango la tatu, la kamera.

Matajiri wa lango hilo la tatu ni wawili. DirtVision upande mmoja, FloRacing ya kampuni ya FloSports upande wa pili. Madereva Kyle Larson na shemeji yake Brad Sweet walianzisha mfululizo wao, High Limit, na kuanzia 2024 ukawa wa nchi nzima, ukionyeshwa FloRacing. Kwa madereva ni neema: waajiri wawili wanagombea mtu mmoja, zawadi zimepanda. Injini moja mpya ya gari la sprinti hupita dola 50,000, kwa hiyo hakuna anayezikataa pesa hizo, wala mimi siwezi kumwambia azikatae.

Lakini pesa za kamera hufuata magari makubwa. Uwanja wa kijijini unaokimbiza watu wa hapo hapo, fundi wa trekta na mwalimu wa shule, haupati mkataba wa kuutikisa mkono. Unachopata ni ushindani. Ijumaa usiku, mkulima aliyekuwa anakwenda uwanja wa jirani kwa sababu ndio uliokuwapo, sasa anawaona mabingwa wa nchi akiwa sebuleni. Bei ya usajili wa mwezi mzima haifiki gharama ya kupeleka familia ya watu wanne uwanjani usiku mmoja, ukihesabu mafuta na chakula.

Tuliyaona haya kwetu. Mtu wa Kisumu au Mombasa akiweza kutazama Arsenal kibandani kwa bei ya chai, mechi ya ligi yetu uwanjani huwa na kibarua. SuperSport walikuja na kamera na pesa, tukasema ndio wametuua, watu hawaji kwa sababu mechi zipo runingani. Mwaka 2017 wakaondoka. Kamera zikatoweka, pesa zikatoweka, na ile halaiki tuliyoambiwa imezuiwa na kamera sikuiona ikirudi. Gor Mahia na Ingwe, yaani AFC Leopards, zikikutana watu wapo, kama walivyokuwapo. Jumatano ya Thika haikuwa na mtu, kama ilivyokuwa haina.

Hilo lilinirudisha gerejini na swali jipya. Nilikuwa nimelishika jambo kwa mkia.

## Goti

Nilimuuliza mzee tena, safari hii bila utani. Ni lini hasa uliacha kwenda?

Alifikiri. Hakutaja mwaka wa DirtVision. Alitaja goti.

Jukwaa la Knoxville ni refu, na viti vizuri viko juu, ambako unaiona kona ya nne yote. Walikuwa wanakwenda wanne kwa gari moja. Mmoja alikufa. Mmoja alihamia Arizona kwa sababu ya baridi. Wa tatu haoni vizuri usiku, na barabara ya kurudi, saa sita za usiku, ina paa wanaokatiza mbele ya gari bila taarifa. Mvua ikinyesha kidogo ratiba inasogea, fainali inaanza saa tano, na Jumapili kuna kanisa.

"Nilikuwa nimeshachoka miaka mingi," akasema. "Sikuwa na mahali pa kwenda."

Nilikaa na sentensi hiyo. Yeye alikuwa ameshaondoka moyoni kabla kamera haijafika. Kilichomweka jukwaani ni kukosa njia nyingine ya kuona, pamoja na wale watatu ndani ya gari. Gari lilipokufa, skrini ilimfungulia mlango tu.

Sasa promota anayetaka kumrudisha ashindane na nini? Na goti?

## Wasichokionyesha

Nina jambo moja dhidi ya kamera, na nitalisema kwa urefu kwa sababu ndilo nililoshindwa kumweleza rafiki yangu wa Bukavu.

Jioni wanamwaga maji uwanjani, magari yanazunguka taratibu kuushindilia udongo, na jua likiwa bado juu uwanja ni mweusi kama masizi. Weusi ni mshiko. Kadiri usiku unavyokwenda, matairi yanaukwangua, na mstari wa ndani unaanza kung'aa, kijivu, kama umepakwa mafuta. Hapo gari linateleza. Udongo uliokwanguliwa unarundikana juu, karibu na ukuta, ukawa tuta jororo lisilozidi upana wa gurudumu. Dereva mwenye roho ngumu hupanda huko, akaegemeza gurudumu la nyuma la kulia juu ya tuta hilo, akakanyaga mafuta. Akikosea kwa shubiri moja anapinduka. Akipatia anawapita watatu kwa kona moja.

Haya yote yanatokea nyuma, nafasi ya 14, ya 15. Kamera iko kwa kinara, ambaye mara nyingi anazunguka peke yake na hana habari. Kwenye skrini uwanja ni wa rangi moja kuanzia saa moja jioni mpaka saa nne usiku, na mwinuko wa kona haupo kabisa, kama mtu ameupiga pasi.

Jukwaani unachagua gari lako. Mtu usiyemjua anakugusa bega, anakuonyesha kwa kidole, maana kwa kelele zile maneno hayafai: yule pale, tazama yule wa juu. Unamfuata huyo mmoja mizunguko yote. Anamaliza wa sita na unashangilia kama ameshinda. Nani atakuonyesha hilo ukiwa gerejini?

Na kuna jambo la mwisho ambalo matangazo hayalifikii kwa sababu yanakuwa yameshazimwa. Kwenye viwanja vingi vya udongo, mbio zikiisha, mashabiki huruhusiwa kuingia upande wa magari. Injini bado zinatoa joto, harufu ya methanoli inachoma pua, dereva ana mduara mweupe kuzunguka macho na uso uliobaki ni tope. Watoto wanapandishwa kwenye viti vya magari. Nilimwona binti wa miaka kama saba akipewa kipande cha plastiki kilichobanduliwa kwenye kofia ya dereva, kile wanachovuta na kukitupa kinapojaa matope. Alikishika kwa mikono miwili mpaka langoni.

Bibi aliyemleta alikuwa na goti bovu pia, nadhani. Alikuwa anashuka ngazi upande upande.

## Kuzima mitambo

Wapo wanaosema dawa ni ile ya Indianapolis. Mbio za 500 hutangazwa nchi nzima, lakini watu wa mji ule hawazioni moja kwa moja mpaka tiketi ziishe. Mwaka 2016, mbio hizo zilipofanyika kwa mara ya 100, tiketi ziliisha na kizuizi kikaondolewa. 2025 vivyo hivyo. Kwa hiyo, wanasema, zimeni picha kwa kila aliye karibu na Knoxville, mtaona.

Sidhani mtaona kitu. Indianapolis ni siku moja kwa mwaka, ni kama Nationals yetu, inajaa kwa heshima ya jina. Ukimzimia jirani yangu picha Jumamosi ya kawaida ya Juni, hatanunua tiketi. Atatazama besiboli. Na mtu wa ghalani aliyeegemea mashine ya soda, ambaye angekuja siku moja, hatajua kama kuna kitu cha kujia.

NASCAR nao walijaribu njia ya kinyume: kupeleka udongo kwenye runinga kubwa. Walimwaga udongo juu ya saruji ya Bristol, kule Tennessee, kuanzia 2021 hadi 2023, hata Jumapili ya Pasaka usiku, saa ambayo familia zimeketi. Kisha wakauzoa wakarudi kwenye saruji. Malori yao, yaani pikapu za mbio, yalikuja Knoxville 2021 na 2022, nayo yakaondoka. Sikuona kwamba yaliacha mashabiki wapya wa Jumamosi ya kawaida. Waliokuja kuona malori walikuja kuona malori.

Kinachoniudhi zaidi ya matangazo yenyewe ni kalenda. High Limit ilianza kama mbio za katikati ya wiki, na si wao peke yao waliogundua siku hizo. Jumanne na Jumatano skrini haina cha kuonyesha, kwa hiyo mbio zinapelekwa huko, zawadi nono, mabingwa wote wapo. Mtu mwenye watoto wa shule haendi uwanjani Jumanne usiku. Mtu anayekamua ng'ombe alfajiri haendi. Jukwaa likipwaya siku hiyo hakuna anayeshtuka sana, maana lango la tatu limeshalipa. Halafu inafika Jumamosi, uwanja wa mtaani unafungua milango yake, na shabiki ameshatazama mbio mbili kubwa wiki hiyo. Ameshiba. Promota wa Los Angeles walishibisha watu hivyo hivyo, wao wakitumia viwanja vyenyewe.

Nilimwambia mzee kwamba kama ningekuwa na kauli, ningefuta mbio za Jumanne zote, na Jumamosi ningeanza fainali kabla ya saa tatu na nusu, mvua au jua.

Tatizo ni zamu zangu mpya. Nimepewa Jumanne kuwa siku ya mapumziko.